File Explorer inapokuwa nzito: tafuta kwanza inasubiri nini

Maswali ni yaleyale kila wiki. Folda ya Downloads inazungusha duara dakika nzima kabla ya kuonyesha faili. Ukibofya kulia, dirisha linaganda na kuandika "Not Responding". This PC inafunguka tupu, kisha diski zinajitokeza mojamoja kama wageni waliochelewa harusi. Na jibu linalotolewa haraka kuliko yote ni "piga Windows upya".

Kupiga Windows upya huponya wakati mwingine, kama kubomoa nyumba kunavyomaliza panya. Lakini kama tatizo ni diski inayokufa, Windows mpya itakuwa nzito ndani ya wiki mbili, na huenda picha zako zikapotea njiani.

File Explorer yenyewe haina kazi kubwa. Inauliza diski kuna nini, inapanga majina, inachora vijipicha (thumbnails). Ikiwa nzito, karibu kila mara inasubiri jibu kutoka kwingine: diski, mtandao, au programu nyingine iliyojipachika ndani yake. Kazi yako ni kumjua anayechelewesha jibu. Nadharia inaishia hapo.

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na Windows 11 kwenye kompyuta ya nyumbani. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Akaunti yenye haki za administrator, na nywila yake unaikumbuka.
- Diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha nyaraka na picha zako. Si lazima itumike, ila hatua ya 2 ikileta habari mbaya utaihitaji papo hapo.
- Laptopu iwe kwenye chaji, na uwe na saa moja hadi mbili.
- Bando kidogo la kupakua programu mbili ndogo za bure, CrystalDiskInfo na ShellExView. Zipakue kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe. Tovuti za "free download" huzifunga pamoja na takataka zao.
- Karatasi na kalamu. Kila unachobadilisha, kiandike. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitano kwa mpigo, mashine ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi, na ikizidi kuugua hutajua sumu ilikuwa ipi.

Usisakinishe programu yoyote inayojiita "booster", "cleaner" au "registry fixer". Nyingi hubaki zikifanya kazi nyuma ya pazia na kuongeza mzigo uleule uliotaka kuupunguza.

Inakuwa nzito wakati gani?

Jibu swali hili kwanza, litakuokolea nusu ya kazi. Kama ni nzito kufunguka tu, kisha ndani inakwenda vizuri, anza hatua ya 3 na ya 4. Kama ni folda moja au mbili tu, nenda ya 5. Kama ni pale unapobofya kulia, nenda ya 6. Kama kila kitu ni kizito, hata kivinjari na Word, hatua ya 2 ndiyo yako, usiiruke. Hatua ya 1 ni ya wote.

Hatua ya 1: Anzisha upya Explorer, kisha kompyuta

1. Bonyeza Ctrl + Shift + Esc. Task Manager itafunguka. Kwenye Windows 10 ikija ndogo, bofya "More details".
2. Kwenye Processes tafuta "Windows Explorer", ichague, bofya "Restart task" au "Restart". Upau wa chini utapotea sekunde moja au mbili na kurudi. Usishtuke: upau huo na File Explorer ni programu moja, explorer.exe.
3. Kama bado, washa kompyuta upya kwa kuchagua Restart.

Angalia hapo: Restart, si Shut down. Kompyuta nyingi zina kitu kiitwacho Fast Startup, kinachohifadhi hali ya kiini cha Windows kwenye diski unapozima kwa Shut down na kuirudisha unapowasha. Mtu anaweza kuzima na kuwasha kila siku kwa mwezi mzima na kiini kisianze upya hata mara moja.

Kosa la kawaida: kuanzisha upya Explorer wakati faili zinanakiliwa. Unakili utakatika katikati. Subiri umalizike.

Hatua ya 2: Pima diski

Hii ndiyo hatua inayorukwa sana na ndiyo yenye majibu mengi. Ifanye taratibu.

1. Kompyuta ikishawaka, iache dakika 10 bila kuigusa. Diski ya zamani yenye sahani inayozunguka, HDD, huwa asilimia 100 dakika za mwanzo na hilo peke yake si ugonjwa.
2. Fungua Task Manager, nenda Performance, bofya "Disk 0 (C:)". Pembeni utaona kama ni SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) au HDD.
3. Tazama namba mbili: "Active time" na "Average response time". Kisha fungua folda inayokusumbua huku ukizitazama.

HDD yenye afya ikiwa kazini hujibu ndani ya milisekunde kumi hadi makumi kadhaa. SSD hujibu ndani ya milisekunde chache, mara nyingi chini ya moja. Ukiona mamia au maelfu ya milisekunde yanayodumu, huku kasi ya kusoma ni kilobaiti chache tu kwa sekunde, diski inahangaika. Ina kazi nyingi mno, au inashindwa kusoma sehemu fulani na inarudia tena na tena.

4. Kutofautisha hayo mawili, rudi Processes na ubofye kichwa cha safu ya "Disk" ili wanaotumia diski zaidi wapande juu. Mara nyingi utawakuta "Antimalware Service Executable", "Microsoft Windows Search Indexer", "Service Host: SysMain" au huduma za Windows Update. Hao wana kazi inayoisha. Iache kompyuta ikiwa imewaka usiku mmoja kwenye umeme, bila kulala, wamalize. Wengi huwakatiza kila jioni, na kesho yake wanaanza tena palepale.
5. Kama hakuna anayetumia diski kwa wingi lakini Active time imeganda kwenye 100, fungua CrystalDiskInfo. Juu kuna neno moja: Good, Caution au Bad. Usiishie kwenye neno hilo. Shuka kwenye orodha utazame mistari ya 05, C5 na C6. Mistari hiyo huonekana kwa HDD na SSD nyingi za SATA (kiunganishi cha kawaida cha diski). SSD za NVMe (aina mpya zaidi) zina orodha tofauti, na kwao tazama "Percentage Used" na "Media and Data Integrity Errors".

Namba 05 ni sekta (vipande vidogo vya diski) zilizokwisha kuharibika na diski ikaziwekea mbadala. C5 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua la kufanya. C6 ni zilizoshindikana kabisa. Kwenye safu ya Raw Values, C5 ikiwa si sifuri una maelezo ya uzito wako: kila Explorer inapogusa eneo hilo, diski inajaribu, inashindwa, inajaribu tena, na wewe unatazama duara. C7 ikiwa inapanda kila siku huku nyingine ni sifuri, shuku kebo ya SATA au kiunganishi kabla ya kushuku diski.

Onyo. Ukikuta Caution au Bad, simama. Nakili faili zako kwanza: nyaraka, kisha picha, kisha mengine. Folda ikikwama, iruke na uendelee na nyingine; utairudia mwisho. Usiendeshe `chkdsk /r` (ukaguzi wa diski nzima) wala defrag (kupanga upya vipande vya faili) kwenye diski ya namna hiyo kabla hujaokoa faili. Zote mbili huifanyisha diski kazi nzito kwa saa nyingi, na diski mbovu inaweza kufia hapohapo.

6. Kama diski ni nzima, kagua mpangilio wa faili. Tafuta "cmd", dirisha la kuandikia amri, kwenye Start, bofya kulia, chagua "Run as administrator", andika:

`chkdsk C: /scan`

Hii haihitaji kuzima kompyuta. Ikisema imekuta makosa yasiyorekebishika papo hapo, andika `chkdsk C: /f`, jibu Y, kisha washa upya.

7. Tazama nafasi. SSD iliyojaa hadi shingoni hupunguza kasi ya kuandika, na Windows yenyewe inahitaji nafasi ya faili za muda. Acha wazi asilimia 15 hivi. Kwenye SSD ya GB 256 ni kama GB 35. Nenda Settings, System, Storage, kisha "Temporary files". Hapa pana mtego: kwenye orodha ya vitu vya kufuta kuna "Downloads". Ukiiwekea tiki, folda yako yote ya Downloads inafutwa, na haipitii Recycle Bin. Hakikisha haina tiki.

Ukiwa bado kwenye Performance, tupia jicho "Memory". Ikiwa juu ya asilimia 90 na umefungua kivinjari tu, kompyuta inahamishia kumbukumbu kwenye diski na Explorer inapanga foleni na kila mtu. Mashine ya GB 4 za RAM hufika hapo bila shida. Funga vichupo vya kivinjari uone kama Explorer inachangamka. Ikichangamka, umepata jibu.

Hatua ya 3: Ifungukie This PC, ufute historia

Explorer ikifunguka hukupeleka kwenye Home au Quick access, na ukurasa huo hukusanya faili ulizozigusa karibuni: zilizo kwenye flashi uliyokwishaichomoa, za mtandaoni, hata za OneDrive. Kila moja inaulizwa ilipo.

1. Bonyeza Windows + R, andika `control folders`, Enter. Njia hii inafanya kazi kwenye Windows zote mbili, huna haja ya kutafuta menyu.
2. Juu kabisa, "Open File Explorer to", chagua This PC.
3. Chini, kwenye Privacy, ondoa tiki zote. Baadhi ya matoleo ya Windows 11 yana moja ya ziada inayotaja Office.com, iondoe pia.
4. Bofya Clear, kisha OK.

Folda ulizozibandika mwenyewe pembeni hazifutiki kwa Clear. Kama mojawapo inaelekea kwenye diski isiyokuwepo, ibofye kulia, "Unpin from Quick access".

Hatua ya 4: Ondoa vitu visivyojibu

1. Fungua cmd ya kawaida. Usiifungue kama administrator hapa, maana orodha ya viendeshi vya mtandao inaweza kuwa tofauti. Andika `net use`.
2. Mstari wenye "Unavailable" au "Disconnected" ni mshukiwa. Kama huuhitaji tena, andika `net use Z: /delete`, ukiweka herufi yako badala ya Z.
3. Chomoa flashi, kadi za kumbukumbu, simu na diski za nje. Jaribu Explorer. Kisha rudisha kimoja kimoja, ukijaribu kila mara.
4. Tazama desktop. Njia za mkato (shortcuts) zinazoelekea kwenye flashi au kompyuta nyingine isiyokuwepo, zifute.

Flashi mbovu iliyosahaulika nyuma ya kompyuta ya mezani imewapotezea watu siku nzima za kusakinisha Windows. Lakini usichanganye na diski ya nje ya HDD iliyolala: ikichukua sekunde chache kuamka na kuanza kuzunguka, hiyo ni kawaida yake.

Hatua ya 5: Folda moja iliyo nzito

Windows huikisia folda ni ya aina gani kwa kuangalia yaliyomo. Ikiamua ni ya picha au video, itafungua faili mojamoja kutafuta vipimo, muda na tarehe ya kupigwa. Downloads, yenye mchanganyiko wa PDF, video na ZIP, ndiyo huumia kwanza.

1. Bofya kulia folda yenyewe, Properties, kichupo cha Customize.
2. Kwenye "Optimize this folder for" chagua General items. Weka tiki "Also apply this template to all subfolders". OK.
3. Fungua folda, bofya kulia sehemu tupu, "Group by", chagua "(None)". Tangu toleo la 1903 la Windows 10, Downloads hupangwa kwa makundi ya tarehe bila kuulizwa.
4. Badilisha mwonekano uwe Details. Bofya kulia vichwa vya safu na uondoe Dimensions, Length, Tags na "Date taken". Panga kwa Name au "Date modified".

Jaribu. Kwa watu wengi Downloads inafunguka papo hapo kuanzia hapa.

Kama bado, shuku vijipicha. Video iliyopakuliwa nusu au picha iliyoharibika inaweza kumkwamisha mchoraji wa vijipicha. Fungua tena `control folders`, kichupo cha View, weka tiki "Always show icons, never thumbnails". Folda ikiwa nyepesi ghafla, umelenga. Sasa futa akiba ya vijipicha: Windows + R, `cleanmgr`, chagua C:, weka tiki kwenye Thumbnails peke yake, OK. Ondoa ile tiki ya View na ujaribu tena.

Uzito ukirudi, kuna faili mbovu humo. Usizikague mojamoja. Tengeneza folda mpya, hamishia nusu ya faili, na uone uzito umebaki upande gani. Gawanya upande huo tena. Faili 1,000 zinamalizika kwa migawanyo kumi.

Kuna folda ambazo ni nzito kwa sababu zimebeba mno. Picha elfu ishirini za WhatsApp katika folda moja zitachelewa popote. Zigawe kwa mwaka na mwezi.

Kama ni folda *zote* zinazokisiwa vibaya, futa kumbukumbu ya mionekano. Fungua cmd ya kawaida ukiwa kwenye akaunti yako na uandike mistari hii mmoja mmoja. Wa kwanza unahifadhi nakala ya mpangilio wa zamani kwenye desktop, iwapo utataka kurudi. Kama OneDrive imehamisha desktop yako, tumia njia nyingine kama `C:\Users\Public`:

`reg export "HKCU\Software\Classes\Local Settings\Software\Microsoft\Windows\Shell" "%USERPROFILE%\Desktop\shell.reg"`

`reg delete "HKCU\Software\Classes\Local Settings\Software\Microsoft\Windows\Shell\Bags" /f`

`reg delete "HKCU\Software\Classes\Local Settings\Software\Microsoft\Windows\Shell\BagMRU" /f`

`reg add "HKCU\Software\Classes\Local Settings\Software\Microsoft\Windows\Shell\Bags\AllFolders\Shell" /v FolderType /t REG_SZ /d NotSpecified /f`

Kisha rudia hatua ya 1. Folda zote zitarudi kwenye mwonekano wa kawaida na Windows itaacha kukisia. Utapoteza mpangilio uliojiwekea, si faili. Nakili mistari hiyo kama ilivyo. Usiichape kwa mkono usiku wa manane.

Hatua ya 6: Ukibofya kulia, inaganda

Kila programu inayoweka neno lake kwenye menyu ya kubofya kulia, iwe ya kubana faili, ya kuzuia virusi, ya wingu, ya kucheza video au draiva ya kadi ya picha, imepachika kipande chake ndani ya Explorer. Mmoja akichelewa, menyu nzima inamsubiri.

1. Anza na njia rahisi: Settings, Apps, ondoa programu usizozitumia. Programu mbili za kubana faili za nini?
2. Kama bado, fungua ShellExView. Kwenye Windows ya biti 64 tumia toleo la x64, vinginevyo haitaviona vipachiko vingi.
3. Nenda Options, chagua "Hide All Microsoft Extensions". Usiruke hapa. Ukizima vya Microsoft bila kujua, utavunja vitu ambavyo havikuwa na kosa.
4. Panga kwa safu ya Type. Chagua nusu ya vilivyoandikwa "Context Menu", bonyeza F7 kuvizima.
5. Anzisha upya Explorer, bofya kulia faili, pima.
6. Ikipona, mhalifu yuko kwenye nusu uliyozima. Rudisha baadhi kwa F8 na uendelee kugawanya. Vipachiko kumi na sita vinahitaji majaribio manne.

Ukimpata, kwanza sasisha programu yake. Ikishindikana, acha kipachiko kimezimwa. Programu itaendelea kufanya kazi, ila haitakuwa kwenye menyu.

Kwenye Windows 11 kuna menyu mbili. Ile fupi, na ile ndefu ya "Show more options" inayofunguka kwa Shift + F10. Ndefu ikiwa nzito na fupi nyepesi, tatizo liko kwa vipachiko vya mtindo wa zamani.

Hatua ya 7: Wingu na kinga ya virusi

OneDrive huweza kuwa imezihamisha Desktop, Documents na Pictures bila wewe kukumbuka ulikubali lini. Faili zenye alama ya wingu haziko kwenye diski yako. Ukizifungua zinapakuliwa kwanza, na intaneti ikiwa dhaifu Explorer inasubiri. Bofya alama ya OneDrive karibu na saa, kwenye mipangilio chagua "Pause syncing" kwa saa 2, ujaribu. Ikisaidia, bofya kulia folda unazozitumia kila siku na uchague "Always keep on this device". Angalia bando kabla. Folda ya picha ya GB 20 itapakuliwa yote.

Programu za kuzuia virusi zisiwe mbili. Zote hutaka kukagua faili ileile wakati uleule. Baki na moja. Kuzima kinga kabisa ili upate kasi ni biashara ya hasara.

Hatua ya 8: Faili za Windows zenyewe

Hii iwe ya mwisho. Wengi huianza kwa sababu inaonekana ya kitaalamu. Kwenye cmd ya administrator:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`

`sfc /scannow`

Kwa mpangilio huo: ya kwanza inatengeneza ghala ambalo ya pili inachota humo. DISM huchukua vipande kutoka Windows Update, kwa hiyo inatumia bando. Ikisimama kwenye asilimia ileile dakika kumi, iache, usifunge dirisha. Zote zikiisha, Restart.

Bado inasumbua?

*Kutafuta tu ndiko kuzito.* Maeneo ambayo hayajaorodheshwa na Windows hutafutwa faili kwa faili. Windows + R, `control /name Microsoft.IndexingOptions`, ongeza folda zako kwa Modify. Kama tayari zimo, Advanced kisha Rebuild. Inachukua saa kadhaa, iache usiku.

*Kunakili kwenye flashi kunaanza kwa kasi kisha kunaporomoka.* Kasi ya mwanzo mara nyingi ni ya akiba ya muda, ya RAM ya kompyuta au ya flashi yenyewe. Inayofuata ndiyo kasi halisi ya flashi. Faili ndogo maelfu huchelewa kuliko faili moja kubwa yenye ukubwa uleule, hivyo zifunge kwenye ZIP kwanza. Hakikisha pia uko kwenye tundu la USB 3, mara nyingi la bluu: USB 2.0 ina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde, USB 3.0 gigabiti 5.

*Explorer inajifunga na kufunguka yenyewe.* Windows + R, `perfmon /rel`. Tafuta alama nyekundu ya "Windows Explorer", fungua maelezo, soma "Fault Module Name". Mara nyingi jina la faili hiyo linamtaja mwenye kipachiko waziwazi.

*Ni nzito kwenye akaunti moja tu.* Fungua akaunti mpya ya majaribio. Ikiwa nyepesi humo, Windows na diski hazina hatia. Hamishia faili zako akaunti mpya, au rudia mistari ya hatua ya 5.

*Folda za kwenye flashi zimegeuka njia za mkato.* Hivi ni virusi, na hupatikana sana flashi ikipita kwenye kompyuta za stationery na za kuchapishia. Usibofye hata moja. Kagua flashi kwa Windows Security, kisha, kama flashi ni E:, andika `attrib -h -s -r /s /d E:\*.*` ili folda zilizofichwa zionekane. Nakili zako, format flashi.

*Ilianza baada ya sasisho.* Settings, Windows Update, Update history, "Uninstall updates". Ondoa la tarehe hiyo uone.

*Yote ni mazima, bado nzito, na ndani kuna HDD.* Basi hakuna mpangilio utakaokusaidia. Laptopu nyingi za mtumba zinazoingia kwetu kutoka Ulaya zilitengenezwa na HDD ya mizunguko 5400 kwa dakika, na diski hiyo huruka kutoka sehemu moja hadi nyingine chini ya mara mia kwa sekunde. SSD hufanya maelfu. Kama una pesa ya kitu kimoja, nunua SSD kabla ya RAM. Ile ya SATA ya inchi 2.5 inaingia kwenye nafasi ya HDD ya laptopu. Huwa na unene wa milimita 7, na kama nafasi ni ya milimita 9.5 tumia kifremu cha plastiki kinachouzwa nayo au omba kimoja dukani.

Ukiamua kumpelekea fundi, mpe ile karatasi yako, na mwombe akuonyeshe ukurasa wa CrystalDiskInfo kabla hajapiga Windows.